Kalamu na Koo: Mvutano wa Maandishi na Uimbaji katika Historia ya Opera ya Kichina

Mwaka 1920, katika duka moja la vitu vya kale jijini London, Ye Gongchuo alikuta juzuu iliyopotea ya Yongle Dadian, ensaiklopidia kubwa iliyokamilishwa mwaka 1408 kwa amri ya mfalme wa nasaba ya Ming. Ndani yake mlikuwa na tamthilia tatu za mtindo wa nanxi, yaani tamthilia za kusini, zilizochipuka katika eneo la Wenzhou mnamo karne ya 12. Kabla ya hapo wataalamu waliufahamu mtindo huo wa awali kwa kiasi kikubwa kupitia majina ya tungo na vipande vya nyimbo. Mojawapo ya tamthilia hizo, Zhang Xie Zhuangyuan, huhesabiwa na wanahistoria wengi kuwa tamthilia kongwe zaidi ya Kichina iliyosalia ikiwa nzima. Hata hivyo, kilichowashangaza wasomaji wake wa kwanza si ukongwe wake bali tabia yake. Waigizaji wanazungumza na hadhira, wanajicheka wenyewe, wanageuka milango ya hekalu. Mchekeshaji mmoja anainama na kuwa meza ya karamu, kisha meza hiyo inaanza kudai sehemu yake ya kinywaji. Maandishi ya namna hiyo hayakuandikwa ili yasomwe. Ni kumbukumbu ya kazi ya watu ambao miili na sauti zao zilitangulia wino.

Historia ya opera ya Kichina aghalabu imesimuliwa kama historia ya vitabu: waandishi wakuu, matoleo, tarehe za uchapishaji. Usimulizi huo una sababu yake, kwani vitabu ndivyo vilivyobaki. Makala haya yanadai kwamba vipindi vingi vinavyoitwa vya mageuzi katika sanaa hii vilikuwa pia vipindi ambamo kalamu na koo viligombania neno la mwisho, na kwamba mshindi hakuwa mmoja siku zote.

Jina na mipaka yake

Neno “opera” lenyewe ni la kuazima na linapotosha. Wachina hutumia neno xiqu, ambalo linaunganisha dhana ya mchezo na dhana ya wimbo, na chini yake zipo aina zaidi ya 300 za kimaeneo, kila moja ikiwa na lahaja yake, mahadhi yake na ala zake. Opera ya Beijing, yaani jingju, ni moja tu kati ya hizo, nayo ni changa ikilinganishwa na kunqu ya Suzhou. Katika opera ya Ulaya mtunzi wa muziki ndiye mwenye kazi: watu husema opera ya Mozart au ya Verdi. Katika xiqu mtunzi wa namna hiyo kwa kawaida hayupo. Mwandishi hutunga maneno kwa kufuata ruwaza za mahadhi yaliyokwisha kuwapo, na mwigizaji pamoja na wapigaji ala huyapa maneno hayo umbo la sauti.

Kwa Kiswahili, dhana ya sanaa za maonyesho, ambayo Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliijengea hoja katika kitabu chao cha mwaka 1976, inaikaribia xiqu kuliko neno “tamthilia”. Tamthilia katika mazoea ya madarasani ni maandishi yanayosubiri kuigizwa; xiqu ni wimbo, usemi, ishara na sarakasi zinazofundishwa kwa pamoja kama ufundi mmoja. Neno “opera” linabaki humu kwa sababu wasomaji wamelizoea, si kwa sababu linafaa.

Maandishi ya Yuan na mkono wa mhariri

Enzi ya Yuan (1271–1368) huitwa enzi ya dhahabu ya tamthilia ya Kichina. Wamongolia walipotawala, mitihani ya utumishi wa serikali ilisimamishwa kwa miongo mingi na ikarejeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1315. Wasomi waliokosa vyeo, kwa mujibu wa maelezo yaliyozoeleka, waligeukia jukwaa. Maelezo hayo ni sahihi kwa kiasi, ingawa yanasahau kwamba watazamaji wa mijini na waigizaji wa kulipwa walikuwapo tayari, na kwamba bila wao msomi asiye na kazi angebaki msomi asiye na kazi.

Mtindo uliotawala uliitwa zaju. Kanuni zake zilikuwa kali: sehemu nne, pamoja na kipande kifupi cha kuunganishia panapohitajika, kila sehemu hufuata ngazi moja ya muziki na kina kimoja, na mhusika mkuu peke yake ndiye anayeimba, wengine wakisema tu. Kanuni hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini. Katika Dou E Yuan ya Guan Hanqing, mjane kijana anahukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Wote wanaomdhulumu wana maneno, lakini yeye peke yake ana wimbo. Anapoapa kabla ya kukatwa kichwa kwamba damu yake itaruka juu badala ya kudondoka chini, kwamba theluji itaanguka katikati ya kiangazi, na kwamba nchi itakumbwa na ukame wa miaka mitatu, hakuna sauti nyingine ya kuimba inayoweza kumjibu. Haki ambayo mahakama imemnyima, kanuni ya muziki imempa.

Lakini ni Dou E wa nani anayesomwa leo? Zimesalia tamthilia 30 tu zilizochapwa katika enzi ya Yuan yenyewe, na Dou E Yuan haimo. Machapisho hayo yana nyimbo za mhusika mkuu karibu zote, ilhali mazungumzo ni machache mno, na katika baadhi hayapo kabisa. Maandishi ambayo ulimwengu unayasoma kama “tamthilia za Yuan” yametoka kwa kiasi kikubwa katika mkusanyiko wa tamthilia 100 ambao Zang Maoxun aliuchapisha mwaka 1615 na 1616, karne mbili na nusu baada ya Yuan kuanguka. Zang hakuwa mnakili mnyenyekevu. Alinyoosha mazungumzo, alibadili maneno ya nyimbo na kuongeza nyingine, na toleo lake la Dou E Yuan linatofautiana na lile lililochapwa mwishoni mwa karne ya 16. Alitengeneza kitabu cha kusomwa na mabwana katika maktaba zao, na alifanikiwa mno kiasi kwamba mahali pengi haiwezekani tena kumtenga na Guan Hanqing.

Mwanzilishi wa taaluma ya kisasa ya historia ya xiqu, Wang Guowei, aliandika kitabu chake kuhusu tamthilia za Song na Yuan mnamo 1912 na 1913. Aliitukuza Yuan na akaiona sanaa iliyofuata kuwa imefifia. Aoki Masaru, mwanazuoni wa Kijapani aliyekutana naye, aliandika kwamba Wang hakuwa mpenzi wa kutazama maonyesho. Jambo hilo si dogo. Taaluma nzima ilizaliwa mikononi mwa mtu aliyeipenda sanaa hii katika karatasi, wakati ambapo kumbi za Beijing zilikuwa zinajaa kila siku.

Tang Xianzu na Shen Jing

Katikati ya karne ya 16, Wei Liangfu na wenzake waliyasafisha mahadhi ya eneo la Kunshan, karibu na Suzhou, hata yakaitwa mahadhi yaliyosagwa kwa maji, kama mbao inayolainishwa mpaka ing'ae. Filimbi ya mwanzi iliongoza, wimbo ulikwenda polepole, na kila silabi ilitamkwa kwa kugawanywa: kichwa, tumbo na mkia. Shen Chongsui, aliyeandika mwongozo wa uimbaji mwaka 1639, anaieleza kazi hiyo kwa umakini ambao mwanafonetiki wa leo hatashindwa kuutambua.

Ugumu wake unatokana na lugha. Kichina ni lugha ya toni: silabi ileile ikipandishwa au kushushwa sauti huwa neno jingine. Kwa hiyo mahadhi ya kunqu hayawezi kwenda popote yanapotaka. Yakipanda pale ambapo toni inashuka, msikilizaji husikia neno lisilokusudiwa. Mwandishi naye, anapojaza maneno katika ruwaza ya wimbo, analazimika kuchagua silabi yenye toni inayofaa kila mahali panapohusika. Idadi ya silabi na vina havitoshi.

Mwaka 1598 Tang Xianzu, aliyekuwa ameacha cheo chake cha uhakimu wa wilaya na kurudi kwao Linchuan, alikamilisha Mudan Ting, tamthilia yenye maonyesho 55. Msichana Du Liniang anaota ndoto ya mpenzi asiyemjua, anakufa kwa hamu, na picha aliyojichora inaangukia mikononi mwa kijana yuleyule wa ndotoni, ambaye mapenzi yake yanamfufua. Kazi hiyo ilipendwa mara moja. Vilevile ililalamikiwa mara moja, kwa sababu mistari yake mingi ilivunja kanuni za kunqu. Shen Jing wa Wujiang, mjuzi mkubwa wa ruwaza za nyimbo, aliandaa toleo lililorekebishwa ili liimbike. Tang alichukizwa na marekebisho ya namna hiyo. Katika barua kwa mwigizaji mmoja alisisitiza kwamba maandishi yake asilia ndiyo yaimbwe, wala yasibadilishwe hata neno moja au mawili kwa ajili ya urahisi wa waimbaji. Imesimuliwa pia kwamba alisema hajali hata makoo ya watu wote duniani yakipasuka.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili watauona hapa ugomvi wanaoufahamu. Kati ya Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi (1954) na Kichomi cha Kezilahabi (1974) palizuka mjadala mrefu kuhusu vina na mizani, na baadhi ya watetezi wa arudhi walishikilia kwamba shairi lisiloimbika si shairi. Ulinganisho huo unafaa, ila usivutwe kupita kiasi. Katika Kiswahili, mstari wenye mizani pungufu unaweza kumkera msikilizaji, lakini maneno yake yatabaki maneno yaleyale. Katika kunqu, kanuni aliyoilinda Shen Jing ilikuwa mlinzi wa maana yenyewe. Wahakiki waliomchora Shen kama karani wa kanuni na Tang kama shujaa wa hisia wamemdhulumu Shen. Alikuwa anawatetea watu wawili ambao mwandishi alielekea kuwasahau, yaani mwimbaji na msikilizaji.

Suluhu ilipatikana baada ya karibu miaka 200, na haikutoka kwa mwandishi. Mnamo 1792 Ye Tang, bingwa wa muziki wa Suzhou, alianza kuchapisha nota za kunqu ambamo aliyaacha maneno ya Tang kama yalivyo na kuyakata mahadhi badala yake. Pale ambapo mstari haukuenea katika wimbo mmoja, alishona vipande vya nyimbo mbili au tatu mpaka ukaenea.

Wakati huohuo waigizaji walikuwa wakifanya yao. Katika karne ya 18 ilikuwa nadra kuona Mudan Ting nzima. Vikundi vilichagua maonyesho machache na kuyanenepesha. Mkusanyiko uitwao Zhui Bai Qiu, ambao Qian Decang aliuhariri kati ya miaka ya 1760 na 1770, unaonyesha maonyesho hayo kama yalivyochezwa jukwaani. Chunxiang, kijakazi wa Du Liniang, ambaye katika maandishi ya Tang ana nafasi ndogo darasani, sasa anaitawala fujo ya darasa lote.

Lugha ya jukwaani

Mwaka 1324 Zhou Deqing alimaliza Zhongyuan Yinyun, kitabu cha vina kwa ajili ya watunzi wa nyimbo. Badala ya kufuata kamusi za vina za zamani zilizotumika katika mitihani, alisikiliza matamshi ya kaskazini ya wakati wake na kuyapanga katika makundi 19 ya vina. Alionyesha kwamba silabi zilizokuwa na toni fupi ya kukatika, iliyoishia kwa konsonanti za p, t na k, zilikuwa zimeingia katika toni nyingine. Kwa wanaisimu wa kihistoria kitabu hiki ni hazina, nacho kiliandikwa ili waimbaji wasikosee. Mara nyingi jukwaa limehifadhi ushahidi wa lugha ambao shule iliudharau.

Jingju ilirithi tabia hiyo. Chimbuko lake huwekwa mwaka 1790, vikundi kutoka Anhui, kwanza kile cha Sanqing, vilipoingia Beijing kwa sherehe za kutimiza miaka 80 kwa Mfalme Qianlong. Katika miongo iliyofuata waigizaji wa Hubei walijiunga nao, mahadhi ya erhuang na xipi yakachanganywa, na kufikia katikati ya karne ya 19 sanaa mpya ilikuwa imesimama. Lugha yake haikuwa ya mitaa ya Beijing. Wahusika wenye hadhi husema kwa usemi wa vina wenye athari za toni za Hubei na matamshi ya kale, ambao hutofautisha sauti ambazo Mbeijing wa kawaida alikwisha kuacha kuzitofautisha. Mchekeshaji na msichana mchangamfu, kwa upande mwingine, husema Kibeijing cha kila siku. Mhusika akifungua kinywa tu, hadhira inajua tabaka lake kabla hajamaliza sentensi.

Wazee wa Beijing walisema wanakwenda “kusikiliza” mchezo. Walikaa, wakafumba macho, wakapiga mapigo kwa kidole juu ya meza. Hadithi waliijua tangu utotoni. Walikuja kusikia namna Tan Xinpei atakavyolikunja neno fulani.

Mwili wa mwigizaji

Jukwaa la jadi lilikuwa na meza moja na viti viwili. Mjeledi ni farasi, kasia ni mto. Katika San Cha Kou watu wawili wanapigana kwenye chumba chenye giza totoro huku taa zote zikiwaka, na giza linakuwapo kwa sababu macho na mikono yao yanasema lipo. Wahusika hugawanywa katika aina nne kuu: wanaume (sheng), wanawake (dan), nyuso za rangi (jing) na wachekeshaji (chou). Uso mwekundu wa Guan Yu ni uaminifu, mweupe wa Cao Cao ni hila. Mpiga ngoma ndogo, mwenye kibao cha kupigia mapigo katika mkono wake wa pili, huongoza kila kitu: wimbo, hatua, hata kope.

Ufundi huu ulinunuliwa kwa bei ambayo sifa za leo hupenda kuiruka. Katika shule ya Fuliancheng ya Beijing, iliyoanzishwa mwaka 1904 na kufungwa 1948, mtoto alitiwa mkataba wa miaka saba, na kipigo kilikuwa sehemu ya mafunzo. Chini ya nasaba ya Qing waigizaji walihesabiwa kuwa watu duni kisheria, na wazao wao walizuiwa kufanya mitihani ya serikali. Wanawake walipigwa marufuku katika kumbi za Beijing kwa muda mrefu, ndiyo maana wanaume waliubeba na kuukuza ufundi wa dan. Wale walioishika sauti ya lugha kwa umakini kuliko msomi yeyote hawakuruhusiwa kuwa wasomi.

Cheng Yanqiu, mmoja wa dan wakuu wanne wa karne ya 20 pamoja na Mei Lanfang, Shang Xiaoyun na Xun Huisheng, aliharibikiwa sauti alipobalehe. Hakuificha kasoro hiyo. Alijenga juu yake uimbaji mwembamba, unaokatika na kurejea kama uzi, na Suo Lin Nang ya mwaka 1940, iliyoandikwa na Weng Ouhong, ilitungwa kulifuata koo hilo. Hapa mwandishi alikuwa fundi nguo, na mwimbaji ndiye aliyepimwa.

Moscow, 1935

Mei Lanfang (1894–1961) alikwisha kuzuru Japani na Marekani alipofika Moscow mwaka 1935. Miongoni mwa waliomtazama alikuwa Bertolt Brecht, aliyekuwa ukimbizini. Brecht alivutiwa hasa na jinsi Mei, akiwa amevaa suti na bila rangi usoni, alivyoonyesha ishara za mwanamke katika chumba cha kawaida. Mwaka uliofuata alichapisha insha akidai kwamba mwigizaji wa Kichina hajitumbukizi katika mhusika bali humwonyesha kwa mbali, na kwamba hadhira hubaki macho na kufikiri. Wataalamu wa Kichina wamepinga sehemu ya usomaji huo: kwa mtu aliyezoea, mjeledi haushangazi, na mwigizaji mzuri wa jingju huweza kulia machozi ya kweli ndani ya kanuni zilezile. Brecht aliona ugeni wake mwenyewe akauita mbinu.

Kosa hilo lilizaa matunda hata hivyo, na njia yake ilipita karibu na Afrika Mashariki. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile (1969), aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, jiji la ukumbi wa Brecht. Mhakiki anayetafuta athari za Brecht katika tamthilia ya Kiswahili anashika pia, mahali fulani nyuma kabisa, mkono wa Mei Lanfang, japo umepinda njiani.

Kalamu ya dola

Baada ya 1949 kalamu ilipata mshika mpya. Mwanzoni haikuwa hasara tupu: mwaka 1956 kikundi cha Zhejiang kilicheza Shiwu Guan, hadithi ya kunqu kuhusu hakimu anayechunguza upya hukumu ya kifo, na mafanikio yake Beijing yaliinusuru sanaa iliyokuwa imebakiwa na vikundi vichache mno. Lakini mwaka 1961 Wu Han, mwanahistoria na naibu meya wa Beijing, alichapisha Hai Rui Ba Guan, tamthilia ya jingju kuhusu ofisa mwadilifu wa Ming anayeondolewa kazini. Ma Lianliang aliimba nafasi ya Hai Rui. Tarehe 10 Novemba 1965 Yao Wenyuan aliishambulia katika gazeti la Shanghai kuwa ni hujuma ya kisiasa, na shambulio hilo likafungua mlango wa Mapinduzi ya Utamaduni. Ma alifariki Desemba 1966. Wu Han alifia kizuizini mwaka 1969. Mmoja aliandika, mwingine aliimba, na dola haikuwatenganisha.

Katika muongo uliofuata, chini ya Jiang Qing, kumbi ziliachiwa “kazi za mfano”, tano kati ya nane za kwanza zikiwa za jingju. Hongdeng Ji na nyingine zilichapishwa zikiwa na maneno, nota, mavazi, taa na nafasi ya kila mguu jukwaani, na vikundi vya nchi nzima vilitakiwa kuziiga bila kubadili kitu. Hakuna mwandishi wa Ming aliyewahi kuota ushindi wa namna hiyo. Tang Xianzu, aliyekataa hata neno moja lisiguswe, pengine angeogopa kuuona.

UNESCO iliitangaza kunqu mwaka 2001 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika, na jingju ikaorodheshwa 2010. Mwaka 2004, huko Taipei, mwandishi Pai Hsien-yung alizindua Mudan Ting kwa waigizaji vijana: maonyesho 27 kati ya 55, kwa usiku tatu. Kanuni aliyojiwekea ilikuwa kupunguza bila kuandika upya, na maneno yalionyeshwa kwenye kioo kando ya jukwaa, kwa kuwa vijana wengi wa Kichina hawawezi tena kuyafuata kwa sikio. Kabla ya mazoezi, Yu Jiulin na Shen Fengying, waliochaguliwa kuwa wapenzi wawili wa Tang, walipiga magoti mbele ya walimu wao, Wang Shiyu na Zhang Jiqing, kwa desturi ya zamani ya kupokelewa na mwalimu. Maandishi ya tamthilia hiyo yalikuwa yakipatikana katika duka lolote la vitabu. Walichokuwa wanakiomba hakikuwamo.